Aliyerudi Apokewe

Kila asubuhi watu huingia katika lango la Hospitali ya Kidongo Chekundu, hapa mjini Unguja, wakielekea dirisha moja. Wapo vijana, na wapo waliokwisha kuota mvi. Mmoja mmoja hutaja jina lake, hupewa kikombe kidogo chenye dawa ya maji iitwayo methadoni, huinywa pale pale mbele ya muuguzi, kisha huenda zake. Huduma hii ilianza mwaka 2015. Kabla ya hapo, wengi katika watu hawa asubuhi yao ilianza kwa shughuli nyingine: kutafuta, kwa halali au kwa haramu, fedha ya kununulia kete ya kwanza ya unga.

Anayepita kwa haraka huona foleni ya wagonjwa tu. Anayesimama akatazama huona watu ambao majirani walikwisha kuwakatia tamaa, nao wameamka mapema kudai tena nafasi yao duniani. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini liko swali linalotusumbua, nalo ndilo lililotushikisha kalamu leo. Mtu huyu akishakunywa dawa yake akatoka pale langoni, anakwenda wapi? Na yule aliyemaliza miezi yake katika nyumba ya soba, akabeba mkoba wake na kurudi mtaani, ni nani anayemngojea?

Yafaa kwanza tukumbushane tulikotoka. Wazee wetu waliujua ulevi wa tembo, wa gongo na wa bangi, na wakaupiga vita kwa kadiri ya uwezo wao. Heroini, ambayo sisi sote twaiita unga, ilianza kuingia visiwani katika miaka ya 1980. Njia yake yajulikana. Kwa miaka mingi mmea wake ulilimwa Afghanistan, unga ukapakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Makran, upande wa Iran na Pakistan, ukavushwa Bahari ya Hindi hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kaskazi ile ile iliyowaletea babu zetu tende na mazulia ikatuletea na msiba huu. Mzigo mkubwa ulikusudiwa Ulaya, lakini mzigo wowote unaopita mikononi mwa watu hauachi kumwagika njiani. Uliomwagika kwetu ndio uliokula vijana wetu.

Mwanzoni unga ulivutwa kwa moshi, aghalabu ukichanganywa na bangi au tumbaku. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 na kuingia miaka ya 2000, sindano nayo ikaingia, na kwa kuwa sindano moja ilipita mikono mingi, maradhi yakapita pamoja nayo. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 miongoni mwa wanaojidunga hapa Unguja ulikuta kiasi cha watu 16 katika kila 100 wana virusi vya UKIMWI, ilhali katika wananchi kwa jumla kiwango kilikuwa kiasi cha mtu 1 katika 100 au chini yake. Uchunguzi kama huo uliporudiwa mwaka 2012, kiwango miongoni mwa wanaojidunga kilikuwa kimeshuka hadi kiasi cha 11 katika 100. Kushuka huko si haba. Kunaonyesha kwamba watu hawa hawakupotea kiasi cha kutofikiwa: walipofuatwa walisikia.

Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao. Nyumba iliyoingiliwa na unga haihitaji kuelezwa maana ya maneno hayo. Kwanza hupotea bangili ya mama, kisha redio, kisha sufuria ya pilau iliyotunzwa kwa ajili ya arusi. Mwisho mama hulala na funguo kifuani, na baba huacha kukaa barazani kwa sababu hana la kujibu akiulizwa hali ya mwanawe. Visiwa vyetu ni vidogo. Jina la mtu hutangulia kufika kabla ya mwenyewe, na jina likishaharibika Mwembeladu huwa limeharibika hadi Makunduchi, na boti ya jioni hulivusha hadi Wete.

Katika hali hiyo, si ajabu kwamba wengi wetu tuliuona uraibu kuwa ni ukosefu wa adabu, na dawa ya ukosefu wa adabu tuliijua: fimbo, kufuli, na kijana kupelekwa shamba kwa mjomba. Tulimfungia chumbani siku saba na kumtoa akiwa ameoga, ametulia na anakula vizuri. Tukasema amepona. Wiki mbili baadaye alikuwa maskani.

Kosa letu lilikuwa katika kutoujua ugonjwa wenyewe. Unga hukaa mahali katika ubongo ambapo Mwenyezi Mungu ameweka hisia za raha, za maumivu na za utulivu. Mtu akiutumia kwa muda, ubongo hujipanga upya kana kwamba unga ni sehemu ya chakula chake. Ukikosekana, mwili hupiga kelele. Hiyo ndiyo arosto. Huanza baada ya muda wa saa 6 hadi 12 tangu kete ya mwisho: miayo isiyokatika, makamasi, jasho, vipele vya baridi, kutapika, kuhara, na maumivu ambayo wenyewe husema yamo ndani ya mifupa. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Katika muda wa wiki moja hivi, mwili hutulia. Lakini ubongo haurudi katika hali yake kwa wiki moja. Huchukua miezi, na pengine miaka, na katika muda wote huo jambo dogo laweza kuuamsha: harufu, wimbo, kona ya mtaa, uso wa rafiki wa zamani.

Kwa hiyo zimetafutwa njia za kumsaidia mtu avuke muda huo mrefu. Ya kwanza ni methadoni. Madaktari wawili wa New York, Vincent Dole na Marie Nyswander, ndio waliotangaza mwaka 1965 kwamba mtu aliyeshikwa na heroini akinywa dawa hii mara moja kwa siku, arosto humwondokea bila ya kulewa, naye huweza kufanya kazi na kuishi na watu. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2005. Kwa upande wa Tanzania Bara ilianza kutolewa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, nasi hapa Unguja tukafuata baada ya miaka minne.

Wapo wanaosema huku ni kuacha ulevi mmoja na kushika mwingine. Twawaheshimu, kwa kuwa wengi wao wanasema kwa uchungu wa dini na wa malezi. Lakini twawaomba wapime kwa matunda. Mgonjwa wa sukari anayedungwa dawa yake kila siku hatumwiti mlevi wa sindano. Mtu aliyekuwa akiamka kuiba, ambaye sasa anaamka kwenda kunywa dawa yake na saa moja baadaye yuko juu ya jengo anapiga plasta, huyo amepiga hatua kwa kipimo chochote cha haki.

Njia ya pili ni nyumba za soba. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mtu asiyelewa, nasi tumelimeza likawa letu. Ya kwanza hapa Unguja ilifunguliwa mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Fahari ya nyumba hizi ni kwamba zimeanzishwa na kuendeshwa, kwa sehemu kubwa, na watu waliotoka katika unga wenyewe. Kijana anapoingia akitetemeka, hapokewi na mtu wa kumhubiria. Hupokewa na mtu anayemwambia kwamba na yeye alilala juu ya mkeka huo huo, akatapika katika ndoo hiyo hiyo. Hapo ndipo tumaini huanza, kwa kuwa mtu aliyezama humwamini zaidi yule ambaye nguo zake bado hazijakauka.

Mwenendo wa nyumba hizi umetokana na hatua 12 za chama cha walevi walioacha pombe kilichoanza katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 1935, ambazo baadaye zilichukuliwa na waraibu wa dawa za kulevya waliojikusanya California mwaka 1953. Mtu hukiri kwamba ameshindwa, hujikabidhi kwa Mwenye nguvu kuliko yeye, huhesabu makosa yake bila ya kujipendelea, huwaendea aliowadhulumu akatengeneza alichokiharibu, kisha humsaidia mwingine. Hatua hizi zilisafiri mbali, lakini zilipofika kwetu hazikuwa ngeni. Kukiri, kutubu, na kurudisha haki ya mtu kwa mwenyewe ni mambo tuliyofundishwa chuoni tungali wadogo.

Basi dawa ipo, na nyumba zipo. Kwa nini wengi wao huanguka tena baada ya kutoka? Twaomba ruhusa ya msomaji tutoe mfano wa mbali, kwa kuwa unatufundisha jambo la karibu.

Wakati wa vita vya Vietnam, heroini ilikuwa rahisi kupatikana kwa askari wa Marekani waliokuwako huko. Katika wale waliorudi kwao mwezi Septemba 1971, kiasi cha askari 1 katika kila 5 alikuwa ameshikwa na uraibu alipokuwa vitani. Serikali yao iliingiwa na hofu kwamba maelfu ya waraibu wanaingia mitaani. Mtaalamu mmoja, Lee Robins, aliwafuata nyumbani kwao kuchunguza hali zao. Alikuta kwamba katika kila 100 waliokuwa waraibu kule Vietnam, ni kiasi cha 5 tu walioshikwa tena katika mwaka wa kwanza wa kurudi kwao. Wataalamu wamejadili sana sababu za jambo hilo, lakini moja iko wazi. Askari yule aliuacha unga ng'ambo ya bahari pamoja na wauzaji wake, marafiki wa kuvuta nao, na hofu iliyomsukuma kuvuta. Alirudi mahali ambapo watu walimjua kwa jina jingine: mtoto wa fulani, mume wa fulani, fundi wa karakana fulani.

Tuangalie sasa kijana wetu. Yeye hana bahari ya kuvuka. Soba iko maili chache kutoka maskani aliyokuwa akivutia. Akitoka, hurudi katika mtaa ule ule, na muuzaji anamsalimu kwa jina lake kabla ya imamu kumsalimu. Kama hatukumpa mahali pengine pa kurudia, hana ila pale pale pa zamani. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, nasi ndio wenye kuamua ngama hiyo iwe na maji au iwe kavu.

Na tunampokeaje? Tuseme kweli. Anaingia msikitini, na waliokuwa wameacha viatu mlangoni wanavichukua kuviingiza ndani. Anakaa barazani, na mazungumzo yanakatika. Shangazi anamkaribisha chai, lakini mkoba wake aliouweka juu ya kiti anauvuta karibu. Hakuna aliyemtukana, na hakuna anayejiona amekosa. Lakini yeye amehesabu kila kimoja, maana mtu aliyetoka katika ulevi hana tena cha kumziba macho.

Sisi wa kalamu hatuna haki ya kuwanyooshea wengine kidole. Mwanzo wa kosa letu ni lugha yetu. Mara ngapi tumeandika "mateja" kama kwamba tunaandika juu ya panya wa bandarini? Mara ngapi tumechapa habari ya kijana aliyepigwa na umati kwa kuiba kuku, tukataja kuku na tusitaje jina la kijana?

Na lipo la pili, lililo zito zaidi kwetu. Miaka michache iliyopita, kabla ya mwezi wa Ramadhani, kijana mmoja alifika ofisini kwetu. Alitoa salamu, akasema ametoka soba, ana miezi saba hajagusa unga, na kwamba amesikia tunahitaji mtu wa alfajiri wa kufunga magazeti na kuyafikisha bandarini kwa ajili ya boti ya Pemba. Ni kweli tulikuwa tukimhitaji mtu huyo. Tulimwambia aje wiki ijayo. Akaja. Tukamwambia mhasibu hayupo, aje tena. Hatukumwambia sababu ya kweli, nayo ni kwamba katika chumba cha kufungia magazeti mna kompyuta mbili, nasi kila tulipomtazama tuliziona zile kompyuta. Mara ya tatu hakuja. Baada ya Idi tulimwona karibu na soko la Darajani, amekonda, ameshika ukuta. Alitutambua. Yeye ndiye aliyeinamisha macho, na ilitupasa tuwe sisi.

Hatusemi kwamba sisi ndio tuliomrudisha katika unga. Mtu ana hiari yake, na yeye mwenyewe baadaye alitwambia hivyo. Tunachosema ni kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kusimama, akabisha mlango wetu mara mbili, na sisi tulikuwa na nafasi.

Jamaa nao wajue jambo moja ambalo ujinga wake unaua. Mtu aliyekaa miezi bila ya kutumia, mwili wake husahau unga. Kipimo alichokuwa akikimudu zamani sasa chaweza kumzimisha pumzi. Kwa hiyo siku za hatari kubwa si zile alizokuwa maskani kila siku. Ni siku na wiki za mwanzo baada ya kutoka soba, gerezani au hospitali. Akikutwa amelala hataki kuamka, midomo imegeuka rangi na pumzi zake ni za mbali mbali, asiachwe "alale ulevi umtoke". Apelekwe hospitali upesi, na asemwe bila ya kuficha alichotumia, kwa sababu ipo dawa, iitwayo naloksoni, inayoweza kumrudishia pumzi ikiwahi. Aibu ya familia haina uzito wa maiti.

Tusiwasahau pia wanawake. Wao ni wachache katika hesabu zinazoonekana, na sababu moja ni kwamba wamefichwa. Mwanamme aliyerudi kutoka unga huambiwa alipotea. Mwanamke aliyerudi huambiwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Huogopa kusimama katika foleni moja na wanaume, huogopa kunyang'anywa watoto, huogopa jina lake litamharibia dada yake posa. Huduma isiyomhesabu yeye itabaki nusu.

Waheshimiwa viongozi wetu, haya mengine ni yenu. Twatambua yaliyofanyika. Sheria ya mwaka 2021 imeunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya Zanzibar, na Serikali imejenga kituo cha tiba na marekebisho ya tabia huko Kidimni. Kumkamata mwenye jahazi la unga ni kazi ya lazima, na asiyeifanya ameisaliti nchi. Lakini kazi ya kumpokea mgonjwa aliyepona haina ving'ora wala picha za magazeti, na kwa hiyo ni rahisi kuachwa nyuma.

Tuanze na sheha. Mwananchi anayetafuta kitambulisho, na mara nyingi hata anayetafuta kazi, hupitia kwa sheha wake. Barua ya sheha yaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia. Twaomba masheha waelekezwe kwamba aliyemaliza tiba asinyimwe barua kwa jina lake la zamani, na tena kwamba wamjue, wamtembelee, wamweke katika shughuli za shehia kama mwananchi mwingine yeyote.

Pili ni huduma yenyewe. Methadoni hunywewa kila siku, na hilo ndilo nguvu yake na ndilo uzito wake. Kibarua wa Nungwi hawezi kuja mjini kila asubuhi na bado akaiwahi kazi, na nauli ya kwenda na kurudi hula ujira wake. Mvuvi anayekwenda dago kwa wiki mbili naye atachagua nini, bahari au dawa? Kadiri huduma inavyosogezwa karibu na watu, na saa zake zikalingana na saa za kazi, ndivyo itakavyowashika wengi zaidi. Na askari wetu, ambao twawaheshimu, waliache lango la hospitali liwe mahali pa amani. Mgonjwa akiogopa kukamatwa njiani, hatakuja.

Tatu ni nyumba za soba. Nyingi zinaishi kwa michango ya jamaa wa wagonjwa, na asiye na jamaa wa kulipa hubaki nje. Zisaidiwe. Na zikisaidiwa, zikaguliwe, ili kila nyumba iwe na chakula cha kutosha, usafi na mtu wa afya wa kuitwa usiku, na ili pasiwe na nyumba hata moja inayotibu kwa mnyororo au kwa kipigo.

Nne, nalo ndilo kubwa, ni kazi. Katika mipango ya uchumi wa buluu hutajwa boti, nyavu, majongoo na mwani. Vikundi vya waliopona navyo vihesabiwe katika mikopo na mafunzo hayo. Halmashauri zina kazi za usafi, za bustani, za ukarabati wa skuli. Hoteli za mashariki na kaskazini zinahitaji mafundi, wapishi na watunza bustani. Hatuombi mtu apewe kazi asiyoiweza. Twaomba asinyimwe anayoiweza.

Na sisi wananchi tuna letu, ambalo halihitaji bajeti. Mtu akirudi, tumwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Tumpe kazi ndogo yenye amana ndogo, akiitimiza tumwongezee. Tusimpe fedha nyingi mkononi siku za mwanzo, wala tusimpekue kila aingiapo. Tumwulize hali yake na tungoje jibu. Na akianguka, tukumbuke kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kuanguka mara moja au mbili ni jambo la kawaida katika ugonjwa huu, kama homa inavyoweza kumrudia aliyekwisha kuinuka kitandani. Anayechekwa alipoanguka hukaa chini. Anayeulizwa "umeumia wapi?" huinuka.

Tumalizie kwa yule kijana wetu wa alfajiri, maana msomaji ana haki ya kujua. Kaka yake alimkuta, akambeba kumpeleka hospitali, na kutoka hapo akaandikishwa katika methadoni. Baada ya miezi alikuja tena ofisini, safari hii hakuomba kitu. Alikuja kwa sababu katika hatua zake alitakiwa kuwaendea watu aliowakosea, na akasema ametukosea kwa kutuinamishia macho siku ile sokoni bila ya kutusalimu. Tulimsikiliza, tukatazamana, tukaona haya. Siku ya pili yake alianza kazi.

Mwezi wa nne wa kazi aliteleza, siku mbili. Alikuja mwenyewe akasema, kabla hatujaambiwa na mtu. Tulikaa naye, kaka yake akaitwa, akarudi katika dawa yake, na kazi yake akaikuta. Tangu siku hiyo umepita mwaka na zaidi. Anafika kabla ya adhana ya alfajiri, anafunga magazeti katika chumba kile kile chenye kompyuta mbili, na ufunguo wa chumba anao yeye. Boti ya Pemba haijapata kuondoka bila ya magazeti, na hata uzi wa kufungia unaobaki huukunja akaurudisha mahali pake.

Gazeti alilolishika msomaji mkononi leo limefungwa na yeye. Katika kila shehia yumo mmoja kama huyu, ametoka au yu njiani kutoka. Atakapobisha hodi, tusimwambie aje wiki ijayo.